Mama wa Mlangoni

Enzi zetu tulijua kuogopa. Sisemi kushtuka, kwa maana hata kuku hushtuka. Nasema kuogopa kule kwa kwenda nako nyumbani, ukalala nako, ukaamka nako, ukashuka nako mtoni kuchota maji. Wajukuu wangu hutazama sinema za kutisha wakiwa wamejinyoosha kwenye kochi, mmoja anatafuna krisps, mwingine anajibu ujumbe kwa simu nyingine, na mzimu ukitokea wanaucheka. Ikiisha wanasema imeboo, wanafungua nyingine ambayo ni ile ile, ila nyumba imepakwa rangi tofauti. Uchungu wao wa sinema mbovu unadumu kama dakika mbili hivi. Wangu umedumu tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, na leo nimeamua kuutoa.

Wenzangu mliokulia kwenye miteremko ya Nyeri miaka ya sabini hamhitaji maelezo mengi. Kwetu ni Wamagana. Mnaijua baridi ya Julai, ile ya kukata majani ya ng'ombe huku vidole vimekufa ganzi, mpaka ukijikata na panga unagundua ukiona damu. Mnaujua uji uliochachuka vizuri, na githeri ya mahindi na maharagwe iliyolala, inayoliwa asubuhi na chumvi kidogo, na viazi vitamu vilivyofukiwa kwenye jivu, unaviokota vikiwa moto unavirusha mkono huu kwenda ule. Soksi zilikuwa za watoto wa mwalimu. Sisi wengine tulikuwa na nyufa kwenye visigino, na mama akituona tunajikuna anasema, "Paka mafuta ya kupikia, miguu haijui tofauti."

Kabla ya sinema tulikuwa na cucu, mama yake baba. Cucu alikuwa na marimu wake, yale majitu yanayokula watu, yenye mdomo wa pili kisogoni uliofichwa na nywele. Alikuwa akisimulia huku anamenya viazi, hainui macho, na akifika mahali irimu anageuza kichwa tulikuwa tunashikana mikono chini ya blanketi. Ukimuuliza itaishaje, anakukatiza: "Usiniulize mwisho kabla sijafika." Naye akifika, alikuwa amefika kweli. Irimu alikufa, kidole chake kikakatwa, watu wote aliowameza wakatoka humo mmoja mmoja, na ng'ombe wao, na mbuzi wao. Hakuna aliyeamka kitandani akisema alikuwa anaota. Cucu angeona aibu.

Halafu sinema zikaja, na mimi nikawa msaliti. Mjini Nyeri kulikuwa na holi ambamo Jumamosi mchana walionyesha picha, na shangazi yangu, Tata Wambui, alikuwa akiuza njugu na mahindi ya kuchemsha mlangoni. Tata aliishi mtaa wa Skuta katika chumba kimoja, hakuwa na mume wala mtoto, na alipenda wageni. Mlinzi wa mlango alikula mahindi yake kila wiki, kwa hiyo mimi niliingia kama mtu wa nyumbani. Nilikuwa nikipanda gari la maziwa Jumamosi asubuhi, naona picha, nalala kwa Tata, na Jumapili alfajiri narudi kwetu kwa miguu kupitia Ruring'u, ili nifike kabla ya ibada.

Watoto wengine wa kijiji chetu hawakuwa na Tata. Ndipo tukazua desturi yetu, ambayo sijawahi kuisikia mahali pengine. Mimi nilikuwa "macho." Jumamosi, wenzangu waligawana kazi zangu zote: mmoja alichota maji yetu, mwingine akakata majani ya ng'ombe, mwingine akatafuta kuni, na mama yangu alifumba macho mradi kazi imefanyika. Jumapili baada ya kanisa tulikutana kwenye kiwanda cha kahawa, chini ya zile meza ndefu za waya za kuanikia, siku ambayo hapakuwa na mtu. Wao walikaa chini, mimi nikakaa juu ya gunia, nikawalipa kwa kusimulia. Sheria ilikuwa moja. Kabla ya kuanza, macho analamba udongo. Unachukua kidogo kwa kidole, unaweka kwenye ulimi, unaapa kwamba utasema ulichokiona tu. Mtu akilamba udongo halafu adanganye, tuliamini tumbo lake litavimba, na sijui kama hata wazazi wetu walikuwa na uhakika kwamba halitavimba.

Sasa niwaambie kuhusu hizo sinema, kwa sababu hasira yangu inaanzia hapo. Ya kwanza ilinitoa roho. Nyumba kubwa mlimani, mvua, radi, msichana wa kizungu amevaa gauni la kulalia na ameshika mshumaa, mlango unalia, mkono unatokea gizani. Nilikojoa kidogo, sioni haya kusema. Ya pili ilikuwa nyumba kubwa mlimani, mvua, radi, msichana na mshumaa. Ya tatu hivyo hivyo. Kufikia ya tano kulikuwa na mzee mmoja wa holi, fundi wa viatu, ambaye alikuwa akipaza sauti, "Paka!" na kweli, sekunde mbili baadaye paka anaruka kutoka kabatini na msichana anapiga mayowe. Watu wakamcheka msichana. Mtu mzima, ana nyumba ya vyumba ishirini, na hajui ana paka.

Tata Wambui alikuwa akichungulia mara moja moja kutoka mlangoni, na hukumu yake haikubadilika. "Hawa wazungu wanaogopa kwa sababu nyumba ni kubwa," alisema. "Wakae kwa chumba moja kama yangu, waone kama shetani itapata pahali ya kujificha."

Lakini mwisho wake ndio uliokuwa tusi. Wenyewe walidhani wametuzidi ujanja. Saa moja na nusu unateseka, unauma kidole, halafu unaambiwa kwamba mzimu ulikuwa mjomba aliyevaa shuka, anataka shamba. Au ni pacha wa marehemu, ambaye hakutajwa hata mara moja tangu mwanzo. Au, na hii ndiyo waliyoipenda kuliko zote, msichana anaamka kitandani, jua linawaka, ndege wanaimba, kumbe alikuwa anaota. Sisi tunaoota kila siku na hatusumbui mtu! Nilipowafikishia wenzangu miisho hiyo, walinitupia maganda ya kahawa. "Ati ndoto?" alisema Gathoni. "Mimi nimekata majani yenu mzigo mzima, halafu ni ndoto?" Ningefanyaje? Nilikuwa nimelamba udongo.

Gathoni alikuwa jirani yetu, tumepakana kwa ua wa michongoma, na alikuwa rafiki yangu kuliko ndugu zangu. Tulizaliwa msimu mmoja. Alikuwa na mwanya, alicheka akiufunika kwa kiganja, na aliweza kubeba mtungi wa maji bila kuushika kwa mkono hata pale njia inapopanda. Mwaka tulipokuwa na miaka kumi na miwili, wenye mvua nyingi, mama yake alifariki. Aliugua kifua wiki mbili tu. Siku aliyokufa, Gathoni alikuwa ametumwa mtoni, akarudi na mtungi kichwani akakuta wanawake wamesimama mlangoni kwao. Hakuutua mtungi. Alisimama nao hapo uani, wanawake wanalia, mpaka mama yangu akaenda akamtua.

Baada ya mazishi hakusema sana. Alipika, alifua, alimbeba ndugu yake mdogo, Kariuki, mwenye miaka mitatu, na baba yao akawa mtu wa kukaa kimya kwenye kigoda. Pale kiwandani aliendelea kuja Jumapili, na Kariuki mgongoni, lakini hakunitupia tena maganda.

Kisha likaja lile tangazo. Holi walibandika karatasi zao hata kwenye maduka ya Wamagana, na moja ilikuwa na picha ya mwanamke mweupe pe aliyesimama mlangoni usiku, na mtoto ndani anamwangalia. Jina la Kiingereza silikumbuki. Mwenye duka alitutafsiria kwamba ni mama aliyekufa, anayerudi kila jioni kumgongea mtoto wake. Sisi tukaiita Mama wa Mlangoni. Gathoni alisimama mbele ya ile karatasi mpaka Kariuki akaanza kulia njaa.

"Hiyo utaenda?" akaniuliza.

"Nitaenda."

"Kazi yenu yote nitafanya mimi peke yangu. Hao wengine wasiguse. Lakini uniangalilie vizuri. Uangalie vile anasema akifunguliwa."

Akaifanya kweli. Maji, majani, kuni, hata akafagia uani kwetu, Kariuki mgongoni. Mama alimwona akasema, "Huyu mtoto ana nini wiki hii?"

Nikaenda. Na ninataka mwamini kwamba kwa nusu ya picha ile nilisahau paka na mshumaa wao. Yule mama aligonga. Mara ya kwanza mtoto hakufungua. Mara ya pili alifika mpaka kwenye komeo akarudi. Holi nzima ilinyamaza, fundi wa viatu naye akanyamaza, na mimi nilikuwa nikisema moyoni, fungua, mfungulie, Gathoni anataka kujua. Mtoto akafungua. Na nani alikuwa pale? Mjakazi wa nyumba. Alikuwa amevaa gauni la marehemu na kujipaka unga usoni, anataka mikufu ya dhahabu. Watu wakaguna. Kisha, kama hiyo haikutosha, mtoto anaanguka, giza, halafu jua, ndege, mtoto yuko kitandani, na mlango unafunguliwa, anaingia mama yake. Mzima wa afya. Ameshika sinia ya chai na mkate. Hakuwa amekufa. Hakuna aliyekufa. Ilikuwa ndoto.

Nilitembea kurudi Skuta nyuma ya Tata nikilia. Tata alidhani nimeogopa, akanipa njugu zilizobaki. Nilikuwa nalia kwa hasira. Mtu amekaa Ulaya huko, amelipwa kuandika, na amekosa kabisa la kumwambia mtoto aliyefiwa na mama, isipokuwa kwamba mama yake analeta chai.

Jumapili ile njia ya Ruring'u ilikuwa fupi mno. Nilipofika kiwandani walikuwa wote wameshakaa, na Gathoni mbele kabisa. Nikalamba udongo. Ulikuwa na ladha ya kahawa. Nikaanza vizuri na kwa ukweli, nyumba, mvua, kugonga kwa kwanza, kugonga kwa pili. Nikafika kwenye komeo. Gathoni alikuwa hapumui.

"Akafungua," nikasema. "Na alikuwa mama yake. Amelowa mvua. Akamwambia, 'Nimekuja kwa sababu siku ile niliondoka bila kukuaga. Ulikuwa umeenda mtoni.'"

Hakuna mtoto wa kizungu katika sinema zile aliyewahi kwenda mtoni. Hakuna aliyeuliza. Gathoni aliinamisha kichwa, mabega yakatikisika, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikamwona analia kama mtoto. Wengine walikuwa wananiangalia kwa macho ambayo sijawahi kuangaliwa nayo tena, si darasani, si siku ya harusi yangu. Hata cucu hakuwahi kutunyamazisha hivyo. Hapo ingenipasa kuacha. Ningesema, wakaagana, mama akaenda, basi. Lakini nilikuwa nimeonja. Nikataka kidogo zaidi.

"Kisha mama akamwambia," nikaongeza, "'Nitarudi mara moja tena. Siku sikuambii. Wewe usifunge mlango kwa komeo.'"

Ndiyo. Mgeuko mmoja wa mwisho, kama watu wa sinema.

Wiki ile ile, jioni, mama alinituma kwa akina Gathoni kuomba makaa ya moto. Nikakuta mlango wa jiko lao umerudishwa tu, komeo halijasukumwa, na ufa wa mwanga unaonekana kutoka nje. Nilielewa mara moja. Mngetaka niseme nilishtuka, lakini nilifurahi. Nilisimama uani kwao na kigae changu cha kubebea makaa mkononi nikajisikia mtu mkubwa. Maneno yangu yalikuwa yamefungua mlango wa watu.

Juni ikapita, Julai ikaingia na baridi yake. Mlango ule ulibaki hivyo kila jioni. Kariuki akaanza kukohoa, akapelekwa hospitali mjini, akakaa siku nyingi, akarudi amekonda. Baba yao alipogundua ni nani aliyekuwa anaacha mlango wazi, alimpiga Gathoni kwa mkanda, na Gathoni hakusema kwa nini. Mimi nilijua kwa nini. Nilisikia kipigo kile kupitia michongoma, nikajiambia kesho nitamwambia ukweli. Kesho yake nikajiambia Jumapili. Jumapili nilikuwa na sinema nyingine ya kusimulia.

Mwezi wa tisa likaja gari la sinema. Mnayakumbuka magari yale, yaliyozunguka masokoni kutangaza sabuni, mafuta ya kupikia na dawa ya kichwa, na ili watu wasiondoke wanaonyesha picha kwenye shuka kubwa mara tu giza linapoingia. Kijiji kizima kilishuka pale sokoni. Wazee walibeba vigoda vyao, wanawake walivaa kama wanaenda kanisani, hata cucu alikuja akakaa na bakora yake, akasema amekuja kuona ni nini kilichomwibia wasikilizaji. Yule mtu wa gari akachukua kipaza sauti: "Leo tumewaletea picha ya kutisha! Mwenye moyo dhaifu ashike jirani!" Mwanga ukapiga shuka, na nilipoona mwanamke mweupe amesimama mlangoni, nikaanza kumtafuta Gathoni kwa macho.

Gathoni alikuwa amekaa chini, mstari wa mbele, amempakata Kariuki. Nilimwona kisogo tu. Sikuwa na pa kwenda. Nilitazama kisogo kile saa moja na nusu, mtoto akiogopa, mama akigonga, na watu wangu wa Wamagana wakipiga kelele na kushikana. Mtoto akafungua. Mjakazi, unga usoni. Watu wakaangua kicheko. Kisha jua, ndege, kitanda, na mama akaingia na sinia ya chai. Ndipo wakapiga makofi, kwa furaha kabisa, kwamba kumbe yuko hai. Mzee mmoja nyuma yangu alisema, "Afadhali! Mimi nilikuwa nimeanza kuogopa." Yule wa gari hakupoteza nafasi. "Mnaona mama huyu vile amependeza?" akauliza. "Mnaona nguo yake nyeupe? Ni sabuni!"

Gathoni aligeuka. Alinitafuta mpaka akaniona, akaja akisukuma watu, Kariuki kiunoni. Nilidhani atanipiga.

"Hakukuwa na mtu alikuja," alisema.

"Gathoni…"

"Wewe ulilamba udongo."

Wenzetu walikuwa wameanza kutuzunguka, na mmoja akauliza, "Kwani zile zingine zote pia ulikuwa unatudanganya?" Nikasema hapana, hiyo moja tu, na nikaona kwamba hakuna anayeamini. Gathoni hakungoja jibu. Alimfunga Kariuki vizuri mgongoni, akapanda njia ya kwao. Cucu, aliyeona yote na asiyeelewa hata neno la sinema, aliniuliza tukiwa tunarudi: "Mwisho wa hiyo hadithi ulikuwa wa nani?" Nikamwambia ulikuwa wangu. Akatembea kidogo, akasema, "Basi ni wako."

Desturi yetu ilifia pale. Hakuna aliyenichotea maji tena, na sikuwa macho ya mtu. Walichukia uongo wangu mzuri wakaupenda uongo mbaya wa lile gari, kwa sababu ule waliuona kwenye shuka. Miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa hasira yangu, na niliishika vizuri. Niliwalaumu watu wa sinema na uvivu wao. Nililaumu kijiji kilichopigia makofi sinia ya chai. Gathoni alipelekwa kwa mama yake mdogo Nanyuki mwaka uliofuata, na mimi nikajiambia kwamba sinema mbovu imenivunjia urafiki.

Tulikutana tena tukiwa na mvi, kwenye mazishi ya mama yangu. Sikumtarajia. Alikuja kutoka Nanyuki na kikapu cha viazi, akiwa na viatu vya shambani, na mwanya wake ule ule, ingawa meno ya kando yalikuwa yamepungua. Alisema mama yangu ndiye aliyemtua mtungi, hakuweza kukosa. Watu walipopungua tulikaa nyuma ya jiko, tukaongea habari za watoto, za bei ya viazi, na za Kariuki, ambaye ni dereva. Nikaona nafasi. Nikamwambia, nikicheka kidogo ili iwe rahisi, kwamba mpaka leo sijawasamehe wale watu wa sinema kwa mwisho ule.

Yeye hakucheka. "Hao walinidanganya saa moja na nusu," akasema. "Wewe ulinidanganya miezi minne."

"Nilikuwa nakuonea huruma, Gathoni."

"Najua. Ndiyo maana sikukupiga." Alikuwa anachambua majani makavu kwenye sketi yake. "Lakini hujui vile nilikuwa nafikiria. Kila jioni nilikuwa narudisha mlango, nangoja. Asipokuja, nasema leo ni mimi nimekosea kitu. Leo nimemchapa Kariuki. Leo nimeunguza chakula. Miezi minne, Wairimu. Nilikuwa nafikiria mama ananiona mbaya."

Nikasema nisamehe. Nilisema mara mbili. Akaniambia hiyo ni mambo ya zamani, watoto ni watoto, akanishika goti, akauliza kama kuna chai. Nikamletea chai. Nilikuwa nimebeba sinia, na nilipotokea mlangoni na kumwona ameketi pale nje ananitazama, wote wawili tukajua ilifanana na nini. Alichukua kikombe akanywa. Nilisikia mwaka juzi kwamba amefariki, wakati tayari ameshazikwa.

Kwa hiyo mnisamehe nikiwaangalia hawa watoto wa leo kwa wivu. Sinema zao ni zile zile. Nimezitazama, siachi. Nyumba kubwa, mvua, siku hizi mshumaa umekuwa tochi ya simu, na paka bado yuko kabatini. Mwisho wao bado ni shuka, pacha, au ndoto. Sisi tulikuwa na picha moja kwa wiki, tena kwa macho ya mtu mmoja, na tukaibeba kama mzigo wa kuni. Wao wanazo elfu, na hakuna hata moja inayowafuata mpaka jikoni. Nilikuwa nikiwasema kwamba hawajui kuogopa. Sasa nanyamaza, kwa sababu nimeona kuogopa kwetu kulimfanyia nini mtoto.

Juzi Njeri, mjukuu wangu wa miaka kumi na miwili, alitupa simu kwenye kochi kwa hasira. "Shosh, hii ending ni ya ujinga! Ati mathe hakuwa amekufa, msichana alikuwa anaota tu. Ingekuwa wewe ungeimaliza aje?"

Hadithi nilikuwa nayo. Ilinijia yote mara moja, na mvua yake, na mlango wake, na maneno ya mama. Njeri alikuwa ananiangalia kwa macho yale, yale ya chini ya meza za kahawa.

"Iache hivyo hivyo," nikamwambia. "Alikuwa anaota."

Akacheka, akasema shosh umezeeka, akachukua simu yake akafungua nyingine. Jua lilikuwa linashuka na baridi inaanza kuingia. Nikainuka, nikaenda mlangoni, nikaufunga, nikasukuma komeo mpaka mwisho.